Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya makazi: chanzo cha maji kitafutwe kabla ya lawama

Waheshimiwa wabunge, mawaziri, madiwani na wakuu wa mamlaka zinazosimamia nyumba za kupanga,

Ninawaandikia nikiwa mpangaji niliyeishi miaka mingi katika nyumba za watu, na niliyewahi kulaumiwa kwa maji ambayo sikuyamwaga. Ombi langu kwenu ni moja. Wekeni sheria kwamba ukungu unapoota kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga, ule ambao wengine huuita kuvu au fangasi, hakuna atakayebebeshwa kosa, awe mwenye nyumba au mpangaji, mpaka chanzo cha unyevu kitafutwe, kionekane na kiandikwe, na kazi hiyo ifanyike ndani ya siku zinazohesabika. Hivi sasa mambo huenda kinyume: lawama hutangulia, rangi hufuata, na chanzo hakitafutwi kabisa.

Chumba ninachokizungumzia kilikuwa na kabati la nguo lililosimama kwenye ukuta unaopakana na bafu. Siku tulipolivuta ili kuokota kiatu cha mtoto kilichodondokea nyuma yake, harufu ndiyo iliyotupokea kwanza, harufu nzito ya gunia lililosahauliwa majini. Ubao wa mgongoni mwa kabati ulikuwa umevimba na kujikunja. Ukutani kulikuwa na madoa meusi yaliyoanzia sakafuni na kupanda hadi usawa wa goti, yakiwa yamesongamana katikati na kutawanyika pembeni kama matone ya wino. Koti la mtoto lililoning'inia upande huo lilikuwa limeota manyoya meupe mabegani. Mwenye nyumba alipokuja alisimama mlangoni, akatazama madirisha kabla hajautazama ukuta, akasema, "Nyinyi hamfungui madirisha." Wiki iliyofuata alituma fundi aliyekuja na kopo la rangi, akakwangua, akapaka, akaondoka. Haikupita miezi miwili doa likarudi mahali pale pale, na umbo lile lile.

Fundi wa pili tulimlipa sisi wenyewe, naye hakuja na brashi. Alizungushia doa mstari wa penseli, akaandika tarehe kando yake, akatuomba tusitumie lile bafu kwa wiki nzima, kisha tulitumie kama kawaida wiki inayofuata. Wiki ya kwanza doa halikusogea. Wiki ya pili lilivuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Vigae vilipofunguliwa, ikaonekana kwamba bomba la kutolea maji lilikuwa limeachia kwenye kiungio, na kila aliyeoga alikuwa akiunywesha ukuta. Muda wote huo sisi tulikuwa tukifungua madirisha asubuhi na jioni, kwa sababu tulikuwa tumeiamini lawama tuliyopewa.

Sikuyaandika haya ili nimshitaki mtu yule. Naamini naye alikuwa akirudia alichosikia kwa wenye nyumba wenzake, kwa kuwa hakuna mahali popote alipoelekezwa kufanya vinginevyo. Ndiyo maana barua hii naielekeza kwenu, wala si kwake.

Ukungu ukiuelewa hauna fumbo kubwa. Mbegu zake ni ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na zimo hewani kila mahali, ndani na nje, katika nyumba ya tajiri na ya maskini. Chakula chake ni vumbi, karatasi, mbao, gundi, na hata rangi yenyewe. Joto analolipenda mwanadamu ndilo linaloufaa pia. Kati ya mahitaji yake yote, ni maji peke yake ambayo sisi tunaweza kuyaondoa. Ukuta ukilowa na ukakauka ndani ya siku moja au mbili, ukungu kwa kawaida haupati nafasi ya kuota. Ukibaki na unyevu, utaota hata kama nyumba inafagiliwa na kudekiwa kila siku. Kwa hiyo swali la kuulizwa mbele ya doa jeusi ni maji haya yanatoka wapi, na swali hilo lina majibu machache yanayojulikana.

Yapo maji yanayopanda kutoka ardhini. Tofali na lipu hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta, na iwapo nyumba ilijengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, au tabaka hilo limechakaa, au udongo wa nje umerundikwa ukalipita, maji hupanda ukutani, mara nyingi hadi kama mita moja hivi. Dalili yake ni mstari wa doa uliolala sawa, lipu inayomeguka, na chumvi nyeupe inayobaki maji yanapokauka. Hakuna mpangaji anayeweza kusababisha hali hiyo, hata akitaka.

Yapo yanayopenya kutoka nje au kutoka kwenye mabomba, kupitia bati lililotoboka, mfereji wa paa ulioziba, ufa kando ya fremu ya dirisha, au kiungio kama kile cha bafu letu. Haya hujitokeza mahali pamoja, hukua mvua inaponyesha au maji yanapotumika, na hata siku za ukame ukuta wake ukiuweka kiganja unauhisi wa baridi. Haya nayo, isipokuwa pale mpangaji alipovunja kitu kwa mkono wake, ni ya mwenye nyumba.

Na yapo yanayotokana na mvuke wa kuishi, ambayo ndiyo hasa kitovu cha ugomvi. Tunapumua, tunapika, tunaoga, tunafua na kuanika, na kila kimoja huongeza mvuke hewani. Hewa yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 inapokutana na ukuta uliopoa hadi kama nyuzi 12, mvuke hugeuka maji na ukuta ukatoka jasho. Na wala ukungu hausubiri jasho, kwani unyevu wa hewa iliyogusana na ukuta ukikaa kwenye asilimia 80 au zaidi kwa muda, huo unautosha. Ndiyo sababu madoa ya aina hii hupenda pembe za chumba, nyuma ya makabati na pembezoni mwa madirisha, mahali ambapo ukuta ni baridi na hewa haipiti. Hapa ndipo mwenye nyumba husema mpangaji anaishi vibaya, na wakati mwingine husema kweli. Lakini naomba mtazame mbele kidogo. Kupumua, kupika na kuoga si matumizi mabaya ya nyumba, maana nyumba ilijengwa kwa ajili hiyo hiyo. Chumba kisicho na dirisha la pili, bafu lisilo na tundu wala feni ya kutolea hewa, jiko lililobanwa kwenye ushoroba, ukuta mwembamba usiozuia baridi, yote haya hakuyapanga mpangaji. Mtu akiambiwa afungue dirisha ambalo limepigwa misumari, au linalotazamana na choo cha jirani, au ambalo mwizi angeliingilia usiku kwa kuwa halina nondo, hapo hajapewa ushauri wa kumsaidia.

Kuna chanzo kingine ambacho husahaulika. Nyumba mpya hubeba maji ya zege na lipu ambayo huchukua miezi mingi kukauka, na mpangaji wa kwanza kuingia ndiye hukaa nayo. Anayepangisha nyumba mbichi anapaswa kusema kwamba ni mbichi.

Mgawanyo huu wa wajibu haukubuniwa na wapangaji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2009 miongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, na humo limesema wazi kwamba ni wajibu wa mwenye jengo kutoa makazi yasiyo na unyevu uliozidi, kwa kujenga vizuri na kukarabati, na kwamba mkaaji ana wajibu wa kutumia maji, hewa na vifaa vyake kwa namna isiyoleta unyevu. Miongozo hiyo pia haikuweka kiwango cha ukungu kinachoweza kuitwa salama, kwa sababu uhusiano kati ya kiasi chake na madhara yake haupimiki kwa usahihi. Ilichosisitiza ni kuuzuia unyevu na kuuondoa mapema. Nawaomba mlizingatie hilo, kwa sababu nimewahi kuwasikia watu wakidai mpangaji alete kipimo cha maabara kuthibitisha kwamba ukungu wake ni wa aina mbaya. Ukiuona kwa macho au kuunusa, hiyo inatosha kuanza kazi.

Madhara yake kwa afya si jambo la kudhani. Wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Mwaka 2020, mwezi Desemba, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak alifariki katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, na mwaka 2022 afisa wa uchunguzi wa vifo alihitimisha kwamba alikufa kwa maradhi makali ya njia ya hewa yaliyosababishwa na kuishi kwa muda mrefu kwenye ukungu uliokuwa ndani ya nyumba yao. Baba yake alikuwa ameanza kulalamika tangu mwaka 2017. Jibu alilopewa ni kwamba apake rangi juu yake. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka lile koti, nikalazimika kuiweka simu chini.

Kutokana na kifo hicho, Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 2023 sheria yenye kifungu kinachoitwa kwa jina la mtoto huyo, na tangu tarehe 27 Oktoba 2025 wenye nyumba za kijamii nchini England, yaani halmashauri na mashirika yanayopangisha kwa kodi nafuu, wanabanwa na muda. Hatari ya dharura hushughulikiwa ndani ya saa 24. Ukungu na unyevu wenye hatari kubwa huchunguzwa ndani ya siku 10 za kazi tangu taarifa ifike. Mpangaji hupewa muhtasari wa uchunguzi kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi kuisha. Na nyumba huwekwa katika hali salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi huo kuisha. Kabla ya hapo, mwaka 2021, msuluhishi wa malalamiko ya nyumba wa nchi hiyo alikwisha kuwaonya wenye nyumba waache tabia ya kudhani kwamba ukungu unatokana na mtindo wa maisha wa mpangaji. Onyo hilo halikuwa na tarehe za kumbana mtu, na nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya ushauri na sheria.

Nchi nyingine zimeshika upande mwingine wa jambo hilo hilo. Nchini Ujerumani, kasoro inayopunguza ufaafu wa nyumba hupunguza kodi ya pango kwa nguvu ya sheria yenyewe, lakini mpangaji aliyeiona kasoro asitoe taarifa mara moja hudaiwa fidia ya hasara iliyotokana na kimya chake. Jimbo la California nchini Marekani liliingiza ukungu unaoonekana kwa macho, tangu mwaka 2016, miongoni mwa mambo yanayoifanya nyumba ihesabiwe kuwa chini ya kiwango, na likauacha nje ukungu mdogo unaoota mahali panapolowa kwa matumizi ya kawaida. Mambo haya mawili nayapenda kwa sababu yanatenda haki kwa pande zote. Mwenye nyumba hawezi kutibu asichoambiwa, wala haifai aitwe mahakamani kwa sababu ya weusi mdogo kwenye kingo za vigae vya bafu, ambao mpangaji anaweza kuusugua kwa sabuni Jumamosi asubuhi.

Na hapa niseme upande wetu bila kuficha, kwa sababu barua inayomlaumu mmoja tu haitawasaidia kutunga sheria. Wapo wapangaji wanaoanika nguo mbichi chumbani huku milango na madirisha yamefungwa, wanaoziba matundu ya hewa kwa magazeti kwa kuogopa baridi au mbu, wanaosukuma kabati mpaka liguse ukuta bila kuacha hata nafasi ya kiganja. Wapo wanaoona bomba linadondosha wakaweka ndoo, wakakaa kimya mwaka mzima, kwa sababu kodi imechelewa na hawataki kumwona mwenye nyumba. Wapo wanaomkatalia fundi kuingia. Mtu wa namna hiyo akiachwa hivi hivi, sheria itakuwa imemwonea mwenye nyumba. Mpangaji abebe wajibu wa kutoa taarifa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu wenye picha, mara tu aonapo unyevu. Aruhusu ukaguzi akipewa notisi ya kutosha. Na chumba kipewe hewa kadiri jengo linavyoruhusu.

Hata hivyo, kimya cha wapangaji wengi kina sababu inayowahusu ninyi. Anayelalamika huogopa kuambiwa ahame. Nimeona jirani akiongezewa kodi mwezi uliofuata baada ya kulalamikia dari, naye akaelewa ujumbe. Wajibu wa kutoa taarifa hauwezi kutekelezwa na mtu ambaye taarifa hiyo itamtoa kwenye nyumba, kwa hiyo vitu hivi viwili viandikwe kwenye kifungu kimoja: mpangaji lazima aseme, na aliyesema asifukuzwe wala kuongezewa kodi kwa ajili ya kusema, mpaka tatizo lishughulikiwe na muda fulani upite baada yake.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo ya gharama. Mtu aliyefunzwa, mwenye kipimo cha unyevu wa ukuta, kipimo cha unyevu wa hewa na subira ya kurudi mara ya pili, anaweza kutenganisha maji ya ardhini, ya bomba na ya mvuke katika nyumba nyingi. Pendekezo langu ni kwamba gharama ianze kwa mwenye nyumba, kwa sababu jengo ni lake na taarifa ya hali yake itamfaa hata mpangaji huyu akiondoka. Na ikithibitika kwa maandishi kwamba chanzo ni matumizi ya mpangaji, tena matumizi yaliyozidi ya kawaida, basi adaiwe. Taarifa hiyo ndiyo iwe njia pekee ya kukata amana ya mpangaji kwa sababu ya ukungu. Sisi tulikatwa yetu kwa "uharibifu wa rangi", rangi ile ile iliyopakwa juu ya bomba lililovuja.

Kuhusu rangi, nawasihi mliandike jambo hili kwa maneno yasiyo na mwanya. Kupaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu, hata ile inayouzwa kwa sifa ya kuzuia fangasi, kusihesabiwe kuwa ukarabati. Vivyo hivyo dawa ya kung'arisha nguo inayomwagiwa ukutani: huondoa weusi, haiondoi maji, na anayeichanganya na dawa nyingine ya usafi ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kujidhuru kwa mvuke wake wenye sumu. Ukarabati uhesabiwe umekamilika pale chanzo kilipozibwa na ukuta kupimwa ukaonekana umekauka, kisha lipu na rangi vifuate. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Kinachogombaniwa katika nyumba za kupanga ni nani mwenye ufa, na hilo methali haikulisema.

Ukaguzi wa kwanza ufanyike siku ya kukabidhiana funguo. Pande mbili zipite chumba kwa chumba, vyombo vikubwa vivutwe kutoka ukutani, picha zipigwe zenye tarehe, na mkataba useme kama nyumba imepakwa rangi mpya hivi karibuni na kwa nini. Sisemi kila rangi mpya inaficha kitu. Nasema anayehamia ana haki ya kuuliza iko juu ya nini, na jibu libaki kwenye karatasi, kwa faida ya mwenye nyumba pia siku atakapodaiwa asichohusika nacho.

Mtaniambia kwamba wenye nyumba wadogo, wale wenye vyumba viwili vitatu vya kuwasaidia uzeeni, hawataweza. Nawafikiria, kwa kuwa wengi wetu tumepangishwa na watu kama hao na wengine wametulea kama wazazi. Kwao muda unaweza kuwa mrefu kidogo, na serikali inaweza kuwapa mkaguzi kwa ada ndogo au mkopo wa kubadilisha paa na mabomba. Kinachoweza kulegezwa ni muda na msaada wa fedha. Wajibu wa kutafuta chanzo usilegezwe, kwa sababu pafu la mtoto halijui kama nyumba ni ya tajiri au ya mstaafu.

Nimalizie na nyumba ambazo hazihitaji sheria mpya hata moja, kwa kuwa mwenye nyumba ni ninyi wenyewe: nyumba za serikali, za halmashauri na za mashirika ya umma, mnazopangisha na kupokea kodi yake kila mwezi. Huko mnaweza kuanza kwa waraka wa ukurasa mmoja. Kila fundi anayetumwa kwenye malalamiko ya unyevu aende na kipimo, penseli na fomu ya taarifa, nakala ya fomu hiyo aachiwe mpangaji, na kopo la rangi libaki stoo mpaka ukuta ukauke.

Wenu mwaminifu,
Mpangaji